Kesi zimejificha wapi katika ripoti ya kampuni ya bima ya afya?

Swali: Mzee, habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanane hapa Donholm. Tuna hisa katika kundi moja la bima lililo kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na ndani ya kundi hilo mna kampuni ya bima ya afya. Ripoti ya mwaka imetufikia. Ukurasa wa sehemu za biashara unaonyesha kwamba afya imeleta faida. Kurasa sitini mbele kuna aya moja tu inayosema kampuni "inakabiliwa na kesi mbalimbali zinazotokana na shughuli za kawaida za biashara" na kwamba wakurugenzi hawatarajii hasara kubwa. Wenzangu wananiuliza kama faida ile ni ya kweli ikiwa gharama za kesi hazimo ndani yake. Mimi nimesoma uhasibu wa vitabu vya chama tu, sijui pa kuanzia. Mkaguzi amesaini bila doa. Hilo halitoshi?

Jibu: Mweka hazina, habari ni njema. Anza na ukurasa wa sehemu, ile aya ya kesi utaijia baadaye. Aya ya kesi hupitia mikononi mwa mawakili, na wakili mzuri huiandika ili isimpe mpinzani wake silaha. Jedwali la sehemu huandikwa na wahasibu, na mhasibu hata akitaka kufunika jambo, mwishowe tarakimu zake lazima zijumlike.

Jedwali hilo linatawaliwa na kiwango cha kimataifa kiitwacho IFRS 8, kilichoanza kutumika mwaka 2009. Wazo lake ni moja: msomaji wa nje aione biashara kwa macho yale yale ambayo uongozi unaionea. Kama kila mwezi mkurugenzi mkuu analetewa mezani hesabu za skimu za waajiri peke yake, za familia peke yake, na za mifuko inayosimamiwa kwa niaba ya wengine peke yake, basi hizo ndizo sehemu za kuripotiwa. Kampuni haina ruhusa ya kujigawa kwa namna moja ndani ya bodi na namna nyingine ndani ya ripoti. Kiwango hiki kinazibana kampuni ambazo hisa au hati zao za mkopo zinauzwa sokoni. Ndiyo maana unaweza kuichukua ripoti ya kampuni ya afya yenyewe, ambayo haiko sokoni, usikute jedwali lolote la sehemu, halafu ukalikuta katika ripoti ya kundi linaloimiliki. Soma ya kundi, lakini usiitupe ile ya kampuni. Nitakuambia kwa nini.

Si kila sehemu hupewa safu yake. Sehemu hutoka hadharani ikifikia asilimia 10 ya mapato yote, au asilimia 10 ya faida, au asilimia 10 ya mali. Kimoja tu kati ya vipimo hivyo vitatu kinatosha. Na zile zilizotoka, kwa pamoja, lazima zibebe angalau asilimia 75 ya mapato yanayotoka kwa wateja wa nje. Zilizobaki huingizwa kwenye safu ya "nyinginezo".

Niruhusu nibuni kampuni, maana bila tarakimu mambo haya hayashiki. Ina sehemu tatu. Skimu za waajiri zimeleta mapato ya shilingi bilioni 6 na hasara ya milioni 150. Familia na watu binafsi wameleta bilioni 2.7 na faida ya milioni 280. Kusimamia mifuko ya matibabu ya waajiri, yaani mwajiri anaweka pesa zake mwenyewe na kampuni inashughulikia kadi na bili kwa malipo ya huduma, kumeleta milioni 300 tu, na faida ya milioni 120. Mapato yote ni bilioni 9. Sehemu hiyo ya mifuko ni asilimia tatu na kidogo ya mapato, na mtu mvivu ataitupa kwenye "nyinginezo" aende zake. Pima faida sasa. Sehemu zilizopata faida zimekusanya milioni 400. Asilimia 10 yake ni milioni 40. Mifuko imepata 120. Imevuka. Haistahili kufichwa.

Kwa nini nahangaika na hiki kisehemu kidogo? Kwa sababu hatari ya kisheria haifuati ukubwa wa mapato. Anayesimamia mifuko ya waajiri ishirini anashika pesa ambazo si zake, na anashika rekodi za magonjwa ya maelfu ya wafanyakazi. Akikosea bili, akalipa hospitali mara mbili, au rekodi zikavuja, anayeshtakiwa ni yeye, na kinachodaiwa hakina uhusiano wowote na ada yake ndogo ya huduma.

Endelea na mfano huohuo. Faida ya sehemu zote tatu ni milioni 250. Tuseme mwaka huo kampuni imetenga milioni 180 kwa ajili ya kesi, na uongozi umeamua gharama hiyo isiguse sehemu yoyote: imewekwa chini ya "ofisi kuu, gharama zisizogawanywa". Kundi linabaki na milioni 70. Hakuna aliyedanganya, jumla ni sahihi. Lakini kama kesi hiyo imezaliwa na familia walionyimwa malipo, faida ya kweli ya sehemu ile si 280, ni 100. Na kama imezaliwa na mifuko, ile sehemu inayong'aa kwa faida ya 120 kwa kweli imepata hasara ya 60. Hapo ndipo wenzako wa chama walipopagusa bila kujua jina lake. Faida ya kundi inaweza kuwa ya kweli kabisa, na faida ya sehemu ikawa ya kupaka rangi.

IFRS 8 haikatazi kuiacha gharama ofisi kuu. Inataka tu mambo mawili: maelezo ya jinsi faida ya sehemu ilivyopimwa, na jedwali linalolinganisha jumla ya sehemu na faida ya kundi. Jedwali hilo la ulinganisho, mweka hazina, ndilo napenda kulisoma kabla ya lingine lolote. Huwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya safu zote za kupendeza. Mstari wa "zisizogawanywa" ukiwa milioni 40 mwaka jana na milioni 220 mwaka huu, kuna kitu kimeingia humo, na una haki ya kuuliza ni nini.

Sasa tuje kwenye kesi zenyewe. Kosa ambalo hata wachambuzi wa hisa hulifanya ni kudhani kwamba kesi zote ziko sehemu moja katika hesabu. Ziko mahali tofauti tofauti, kulingana na asili yake.

Mtu aliyenyimwa malipo ya upasuaji akaenda mahakama ya Milimani kudai alipwe kile mkataba unachosema, dai lake bado ni dai la bima. Linahesabiwa chini ya IFRS 17, kiwango cha mikataba ya bima kilichoanza Januari 2023, ndani ya deni la madai yaliyokwisha kutokea. Hata ada za mawakili wa kubishana juu ya dai hilo zinaingia humo, kama gharama za kushughulikia madai. Hutaiona kesi hiyo kwenye ile aya yako. Imeyeyuka ndani ya tarakimu ya mabilioni, pamoja na bili za malaria na za uzazi. Hilo si hila, ndivyo kiwango kilivyo.

Lakini faini ya mdhibiti, kesi ya mfanyakazi aliyefutwa, ugomvi na msambazaji wa mitambo, au fidia ya mtu ambaye siri yake ya ugonjwa imetoka nje, hayo ni ya IAS 37, kiwango cha madeni yasiyo na uhakika. Huko kuna ngazi. Ikiwa uwezekano wa kulipa unazidi uwezekano wa kutolipa, na kiasi kinaweza kukadiriwa vizuri, kampuni lazima itenge fungu na faida ipungue mwaka huohuo. Ikiwa huenda ikalipa lakini si zaidi ya nusu kwa nusu, haitengi kitu, ila lazima ieleze katika maelezo ya hesabu: hayo ndiyo madeni tarajiwa. Na ikiwa uwezekano ni wa mbali sana, inanyamaza.

Unaona ilipo nafasi ya kucheza? Ngazi zote tatu zinategemea maoni ya mtu. Wakili wa kampuni akiandika "tuna utetezi mzuri", kesi inashuka kutoka fungu hadi maelezo. Akiandika "dai halina msingi", inashuka hadi kimya. Katika miaka yangu ya ukaguzi nimesoma barua za mawakili zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na sikumbuki hata moja iliyosema "tutashindwa". Walio wakweli zaidi waliandika kurasa tatu bila kusema lolote.

Aya yako ya "kesi mbalimbali za kawaida" haitoshi kama kuna kesi hata moja iliyoko ngazi ya kati na ina uzito. IAS 37 inataka asili ya kila aina ya deni tarajiwa ielezwe kwa ufupi, na pale inapowezekana kutolewe makadirio ya athari yake na mashaka yaliyopo. Upo mlango mdogo wa dharura: katika hali za nadra sana, kampuni ikiona kueleza yote kutaiharibia kesi, inaweza kuacha baadhi. Hata hivyo lazima iseme ugomvi ni wa aina gani, na iseme kwamba imeacha na kwa nini. Kampuni iliyotumia mlango huo bila kusema imeutumia imeruka dirisha.

Hebu tuzungumzie kesi zenyewe za hapa kwetu, maana mtu asiyejua zinakotoka hawezi kuuliza swali la maana kwenye mkutano mkuu.

Skimu za waajiri zina ugonjwa wao. Sheria ya Bima, Sura ya 487, inaikataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada ya bima. Watu wa bima huita utaratibu huo lipa kwanza. Sasa mwajiri anachelewesha hundi, kampuni inazima kadi, na mfanyakazi aliye na mke chumba cha kujifungulia anaambiwa dirishani kwamba kadi haisomi. Anayemshtaki ni nani? Mara nyingi wote wawili. Mwajiri anasema alishaahidi, broka anasema alishapeleka barua, kampuni inasema haijaona pesa. Nimewahi kuliona faili la namna hii likikua unene wa Biblia, na kiini chake kilikuwa hundi iliyokaa siku tisa kwenye droo ya karani.

Tena skimu hizi huwa na mteja mmoja mkubwa mno. IFRS 8 inataka kampuni iseme iwapo mteja mmoja analeta asilimia 10 au zaidi ya mapato, kiasi chake, na sehemu anayohesabiwa, ingawa jina lake halilazimishwi. Ukikuta sentensi hiyo, isome sambamba na maelezo ya kesi. Kampuni inayomtegemea mteja mmoja kwa robo ya mapato itafikiri mara tano kabla ya kumshtaki kwa deni la ada, na pengine itaendelea kuliita "zinazotarajiwa kupokelewa" miaka mitatu baadaye. Hiyo nayo ni hatari ya kisheria, ya kutokwenda mahakamani.

Familia na watu binafsi ni hadithi nyingine. Huko ugomvi mkubwa ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya kava. Mtu anajaza fomu, hataji shinikizo la damu kwa kusahau au kwa kuogopa, miezi minane baadaye anapata kiharusi, kampuni inafungua faili la kliniki ya zamani, inakuta vidonge, inakataa kulipa na kufuta mkataba. Sheria inamdai mwombaji wa bima uaminifu wa hali ya juu, lakini inaidai kampuni pia: iliuliza kwa lugha gani, wakala aliijaza fomu mwenyewe akamwambia mteja asaini tu, jambo lililofichwa lilikuwa na uzito gani. Katiba ya 2010 ina kifungu cha 46 juu ya haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma. Na kwa HIV mambo ni makali zaidi: sheria ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe au aseme hali yake ili apate bima ya matibabu. Kampuni inayonakili fomu ya nchi nyingine bila kuipitisha kwa mwanasheria wa hapa inajichimbia.

Kesi moja ya namna hii ni ndogo. Lakini ikiwa fomu ile ile yenye swali bovu imejazwa na watu elfu arobaini, kesi moja iliyoshindwa ni mlango uliofunguliwa kwa wengine. Mhasibu makini hapo haangalii ile kesi, anaiangalia fomu. IAS 37 yenyewe inatofautisha: kesi ya pekee hukadiriwa kwa matokeo yanayoelekea zaidi kutokea, lakini rundo la madai yanayofanana hukadiriwa kwa wastani uliopimwa na uwezekano wake. Kampuni ikiyahesabu madai mia tatu yanayofanana kama visa mia tatu vya pekee, kila kimoja "hakielekei kulipwa", itafika kwenye sifuri. Sifuri hiyo ni ya uongo.

Halafu data. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, kampuni ina saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data. Faini ya kiutawala inafika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Watu husoma "kilicho kidogo" wakapumua. Wasipumue haraka, kwa sababu faini ni kitu kimoja na fidia kwa kila aliyeumizwa ni kitu kingine, na hiyo ya pili haina dari ya milioni 5.

Mfano mzuri wa jinsi sehemu ndogo inavyoweza kuitikisa kubwa uko Marekani. UnitedHealth Group huripoti sehemu nne: UnitedHealthcare, ambayo ndiyo bima yenyewe, na Optum Health, Optum Rx na Optum Insight. Optum Insight, ya teknolojia na data, ndiyo ndogo kuliko zote kwa mapato. Februari 2024 wahalifu wa mtandaoni waliingia Change Healthcare, kampuni iliyo ndani ya sehemu hiyo ndogo. Malipo ya hospitali na maduka ya dawa yalikwama nchi nzima, kampuni ililipa kikombozi cha dola milioni 22, na baadaye ikatangaza kwamba watu takriban milioni 190 waliguswa. Kesi zikafurika. Mtu aliyekuwa akiusoma ukubwa wa hatari kwa kuangalia safu yenye tarakimu kubwa alikuwa anaangalia mlango usio na mwizi.

Ripoti hiyo ya Wamarekani inafundisha jambo jingine. Sehemu zao zinauziana huduma: bima inailipa kliniki ya ndugu yake, inailipa idara ya dawa ya ndugu yake. Mauzo hayo ya ndani hufutwa katika hesabu za kundi, lakini katika safu za sehemu yanaonekana. Kwao jambo hilo lina ncha ya kisheria, kwa kuwa sheria yao ya afya ya 2010 inaitaka kampuni itumie angalau asilimia 80 ya ada kwa matibabu na uboreshaji wa huduma katika bima za watu binafsi na za waajiri wadogo, na asilimia 85 kwa waajiri wakubwa, la sivyo irudishe tofauti. Bei unayomlipa ndugu yako kwa hiyo inaamua ulitibu kwa kiasi gani. Kenya hatuna kanuni hiyo. Ila hapa pia zipo kampuni za bima zenye kliniki katika familia moja, na IFRS 8 inataka ielezwe jinsi sehemu zinavyouziana. Sehemu ya kliniki ikipata faida nono huku ya bima ikilia hasara, uliza nani aliyepanga bei.

Kuna hatari ya sheria ambayo si kesi ya mtu yeyote: sheria yenyewe kubadilika. Oktoba 2024 NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, iliondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikaingia, na makato ya mshahara yakawa asilimia 2.75 ya mapato ghafi. Kabla ya hapo, Julai, Mahakama Kuu ilikuwa imeitangaza sheria iliyoiunda SHA kuwa kinyume cha Katiba. Septemba Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa bima ya afya miezi ile. Mikataba mingi ilikuwa imejengwa juu ya mazoea kwamba NHIF italipa sehemu ya gharama za kulazwa kwanza. Nani alipe pengo wakati wa kuhama? Mkataba unataja "NHIF", na NHIF haipo. Wanasheria walikula vizuri.

Hapo ndipo ninapokuomba urudi kwenye IFRS 8 mara nyingine. Kampuni inaruhusiwa kuunganisha sehemu mbili ziwe safu moja kama zinafanana, na mojawapo ya mambo ya kutazama ni mazingira ya udhibiti. Kundi linalouza bima ya afya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kisha likaziweka zote kwenye safu moja ya "afya", lina sheria tatu, wadhibiti watatu na mahakama za nchi tatu ndani ya tarakimu moja. Inaweza kuwa halali. Mimi huitilia shaka kila ninapoiona, na hasa pale nchi moja inapokuwa na vita na mdhibiti wake.

Sasa ile ripoti ya kampuni yenyewe niliyokuambia usiitupe. Bima ya afya kwa Sheria ya Bima ni daraja moja miongoni mwa bima za kawaida, na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hudai hesabu za kila daraja. Kwa hiyo kuna mahali afya imetengwa na magari na moto. Linganisha matokeo ya daraja la afya na ile safu ya "afya" katika ripoti ya kundi. Hazitalingana sawasawa, kwa sababu vipimo vinatofautiana. Zikienda njia mbili tofauti, moja hasara na nyingine faida, una swali. Na kama unadhani haya ni mambo ya vitabuni, kumbuka mwaka 2022, kampuni ya Resolution, iliyokuwa na jina kubwa katika bima ya afya mjini hapa, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria.

Nikutolee kisa kimoja cha zamani, bila jina. Tulikuwa tunakagua kampuni fulani ya bima. Idara ya sheria ilitupa orodha ya kesi kumi na moja, safi, imepigwa chapa. Kijana wetu, mwanagenzi, alikwenda idara ya madai kuomba stepla. Droo ilipofunguliwa akaona hati za mahakama. Zilikuwa ishirini na kitu. Meneja wa madai alikuwa akizipokea mwenyewe na "kuzimaliza" kwa simu, kwa kuwa kesi zikionekana zingeshusha matokeo ya sehemu yake na bonasi yake inatokana na matokeo hayo. Mficha maradhi, nilimwambia, na yeye akanimalizia methali mwenyewe. Tangu siku hiyo nikisoma mahali kwamba mishahara ya wakuu inafungamana na faida ya sehemu, ninakwenda moja kwa moja kuuliza nani anapokea hati za mahakama.

Kuhusu saini ya mkaguzi: inasema hesabu za kundi, zikichukuliwa kwa jumla, zinaonyesha hali halisi kwa kiwango cha uzito alichokipima yeye. Uzito huo hupimwa kwa kundi zima. Kesi ya milioni 60 katika kundi la mabilioni inaweza kumpita bila kumsumbua, na bado ikawa nusu ya faida ya sehemu mnayoitegemea ninyi. Soma pia mambo aliyoyataja kuwa ndiyo yaliyomshughulisha zaidi katika ukaguzi. Akiyataja madeni ya bima au kesi, soma alichofanya juu yake. Na usiruke maelezo ya matukio baada ya tarehe ya hesabu. Hukumu ikitoka Februari juu ya jambo lililotokea mwaka uliopita, na hesabu zikatiwa saini Machi, fungu linatakiwa kurekebishwa ndani ya mwaka ule ule.

Kwa chama chenu, ningefanya hivi wiki hii. Ingia tovuti ya Kenya Law, ambako hukumu zinasomwa bure, uandike jina la kampuni ya afya, kisha jina la kundi. Usihesabu kesi tu, tazama zinafanana wapi: neno lile lile la mkataba, fomu ile ile, hospitali ile ile. Halafu chukua ripoti tatu za miaka mfululizo na uweke ile aya ya kesi ya kila mwaka sambamba. Ikiwa haijabadilika hata koma kwa miaka mitatu wakati Kenya Law inakuonyesha hukumu mpya, hiyo ni aya ya kunakili.

Kwenye mkutano mkuu usiulize "je, kesi zitatuumiza?" Mwenyekiti atakuambia hapana, na makofi yatapigwa. Uliza: "Katika gharama zisizogawanywa za mwaka huu, ni kiasi gani cha fungu la kesi, na kesi hizo zimetoka sehemu gani ya biashara?" Ni swali la tarakimu moja na jina moja. Akisema atakujibu kwa maandishi, mwombe katibu wa kampuni aliingize kwenye kumbukumbu za mkutano, umwachie anwani ya chama. Hisa msiziuze kabla ya kupata jibu hilo, na msinunue nyingine.